Kwani Asmini Zimekwisha? Maua ya Lili, Harusi Zetu na Paka wa Nyumbani



Mfungo Mosi umeshaingia, na kila anayeijua Unguja anajua maana yake. Sikukuu inakwisha, harusi zinaanza. Kadi zimeshagawiwa, sare zimeshashonwa, ukumbi umeshalipiwa, na wapambaji hawapokei simu. Huu ndio wakati maua yanapoingia kwa wingi majumbani mwetu: ya kumpamba bi harusi, ya kuweka mezani, ya kupelekeana zawadi ya Idi. Leo tunataka kusema jambo kuhusu maua hayo ambalo huenda wengine wataliona dogo. Na sisi tulikuwa tukiliona dogo, mpaka lilipotufika.

Mwaka jana tulikuwa na harusi nyumbani. Chumba cha bi harusi kilipambwa vizuri, mashaallah: shuka nyeupe, udi, na pembeni mwa kitanda shada kubwa la maua ya lili meupe, yale yaliyofumbuka kama tarumbeta. Wageni wote waliyasifu. Paka wetu Kashata, tuliyemwita hivyo kwa madoa yake, aliingia chumbani kama kawaida yake, akajinyoosha juu ya meza ya maua, akalala. Alipotoka alikuwa na unga wa rangi ya chungwa mgongoni. Tulicheka sana. Mmoja wetu akasema, "Tazameni, hata Kashata kapakwa dalia!" Kashata akakaa mlangoni akajilamba mpaka akawa msafi.

Usiku ule alitapika. Tukasema amekula mabaki ya pilau ya wageni. Asubuhi ya pili alinyanyuka, akanywa maji mengi, tukasema alhamdulillah, amepona. Siku ya tatu alijificha chini ya ngazi, hali, hakojoi, hata kuinua kichwa hawezi. Tulipomfikisha kwa daktari wa wanyama, swali lake la kwanza halikuwa amekula nini. Aliuliza, "Nyumbani kuna maua gani?" Tulipomwelezea, akanyamaza. Kisha akatwambia figo za paka huyu zimeshakufa. Kashata hakufika Magharibi.

Bibi yetu, aliyekuwa amekaa barazani na tasbihi yake, aliposikia kilichomuua aliuliza neno moja tu: "Kwani asmini zimekwisha?"

Swali lile hatujalisahau, na ndilo linalotufanya tuseme leo: maua ya lili yasiingie tena katika nyumba yenye paka. Si katika chumba cha bi harusi, si katika zawadi ya Idi, si mezani. Hatusemi haya kwa uchungu peke yake. Tumeuliza, tumesoma, na tuliyoyajua yametutosha.

Kwanza tuelewane ni ua gani. Tunasema lili zile zinazokuja kwa boti au ndege kutoka bara, zenye petali sita, harufu kali, na katikati vijiti vyenye chavua ya rangi ya chungwa au kahawia inayochafua nguo ukiigusa. Kuna nyeupe, za waridi, za njano na zenye madoadoa. Zote ni sumu kwa paka. Na si ua peke yake: jani, shina, chavua, hata maji ya chombo ambamo maua yamesimama. Paka hahitaji kula shada zima. Kutafuna jani moja au kulamba chavua iliyoganda manyoyani kunatosha kumuua. Mbwa akila lili tumbo litamsumbua, basi, lakini figo za paka huharibika, na mpaka leo wataalamu hawajaitambua kwa uhakika kemikali inayofanya hivyo.

La kutisha zaidi ni namna sumu hii inavyodanganya. Saa chache za mwanzo paka hutapika, hutokwa mate na kuzubaa. Kisha huonekana kama amepata nafuu, na nyumba nzima hupumua. Wakati huohuo figo ndizo zinazoharibika. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu zinagoma kabisa. Dalili zikirudi, mara nyingi daktari hana la kufanya. Akifikishwa mapema, ndani ya saa chache na kabla ya saa 18 kupita, akatapishwa na daktari na kuwekewa dripu ya maji kwa siku mbili tatu, wengi huokoka. Kashata alikuwa na nafasi hiyo. Sisi tulikuwa tunacheka.

Si kila ua lenye jina la lili ni hivyo. Lile ua jeupe lenye umbo la faneli, na mmea wa chungu wenye majani ya kijani na ua moja jeupe kama tanga, haviui figo. Vina chembe kali zinazochoma mdomo na ulimi, na paka atatokwa mate na kulia. Ni maumivu, si mauti. Yungiyungi la majini nalo ni mmea mwingine kabisa. Lakini kama hujui kutofautisha, chukua tahadhari ya aliyejua: usiliweke.

Ipo na mimea mingine ambayo tunaipitia kila siku bila kuitazama mara mbili. Mtapo, mshoga zetu, huu tunaoupanda uani na kukata makuti yake mazuri kupambia majukwaa na milango. Wazee wa pwani waliujua vyema. Wakati wa njaa walikula mbegu zake, lakini baada ya kuzikausha na kuziroweka muda mrefu kwa sababu walijua zina sumu. Paka au mbwa hajui kuroweka. Mbegu ndizo mbaya zaidi, ila kila sehemu ya mmea ina sumu, na inapiga ini. Ukikata makuti ya mtapo kwa harusi, usiyaache chini baada ya shughuli, na mbegu zilizoanguka uani ziokotwe, maana hata watoto huzichezea.

Olianda, ule mti wa ua wenye maua ya waridi na meupe, ambao ndugu zetu walioko Oman wanauona kando ya kila barabara, unadhuru moyo wa paka, wa mbuzi, na wa binadamu pia. Waridi la jangwani ni jamaa yake, na sumu yao inafanana. Mshubiri tunaoukata kujipaka usoni, akiutafuna paka ataharisha na kutapika. Na lile ua jekundu la Disemba ambalo majani yake ya juu hugeuka mekundu, ambalo watu wengi wanaliogopa kuliko yote, kusema kweli si la kuua. Utomvu wake utamwasha mdomo, atatapika kidogo, basi. Tunalitaja kwa sababu hatutaki kutia watu hofu bure. Ukiogopa kila kitu, mwisho huogopi chochote.

Hapa Unguja tuna jambo jingine letu wenyewe: mafuta ya karafuu. Ini la paka halina uwezo wa kusafisha vitu vingi ambavyo ini letu linavisafisha bila shida, na mafuta ya karafuu ni miongoni mwavyo. Kuna watu wanampaka paka mafuta hayo ili viroboto vimtoke. Wanamtia sumu kwa nia njema. Vilevile mafuta mazito ya mlangilangi, mdalasini na mikaratusi. Na kwa sababu hiyohiyo ya ini, kidonge kimoja cha panadol kinaweza kumuua paka. Wakati wa singo na kufukiza, mtoeni chumbani, na chupa za mafuta zifungwe. Akikanyaga mafuta yaliyomwagika atayalamba miguuni.

Sasa tuje kwenye yale ambayo tunajua mtatwambia.

La kwanza: "Ni paka tu." Mashoga zetu, sisi ni watu wa dini, na dini yetu haina neno "paka tu". Katika Bukhari na Muslim tumepokea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia. Hakumlisha, wala hakumwacha atoke akajitafutie wadudu wa ardhini. Na tumepokea kwa Kabsha binti Kaab, mke wa mtoto wa Abu Qatada, kwamba alimmiminia mkwewe maji ya udhu, akaja paka, na mzee yule akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka. Alipomwona Kabsha anashangaa, akamweleza kwamba Mtume, sallallahu alayhi wasallam, amesema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Tuitazame vizuri hadithi hii. Ni mambo ya ndani ya nyumba: mkwe, maji, chombo, na paka aliyeingia bila kuitwa. Ni nyumba kama zetu. Na paka ametajwa pamoja na wanaozunguka ndani, si kama kitu kilichopotea njia.

Hatumwambii yeyote kwamba aliyeweka lili bila kujua ana dhambi. Yule mwanamke alijua anachofanya. Sisi hatukujua, na tunamwomba Allah msamaha kwa uzembe wetu. Lakini ukishajua mambo yanabadilika. Anayejua kwamba ua hili linaua, akaliweka mahali anapolala paka kwa sababu picha zitapendeza, huyo hawezi tena kusema hakujua.

La pili: "Tutamfungia nje siku hizo." Wenzetu wanaokaa fleti za Ulaya wanaweza. Sisi nyumba zetu hazifungiki. Wiki ya harusi mlango uko wazi tangu Alfajiri mpaka usiku wa manane; wanaingia wapishi, watoto, jirani wa kuazima sufuria, mashoga wa kuimba, na paka watano ambao si wetu. Katika Mji Mkongwe paka wanatembea juu ya mapaa kama njia zao, wanaingia kwa dirisha la jikoni na kutokea barazani. Hata paka wa nyumbani ukamfungia, shughuli ikishakwisha maua yanakwenda wapi? Yanatupwa jaani. Na jaa ndilo hoteli ya paka wote wa mtaa. Shada moja la lili likitupwa uchochoroni linaweza kuwaua paka wasiokuwa na mtu wa kuwapeleka kwa daktari. Halafu tukishangaa panya wamezidi, tujiulize.

La tatu, na hili ndilo zito: "Bi harusi anataka lili, na siku ni yake." Hapa tunataka kusema na mabiharusi wetu moja kwa moja, kwa mapenzi.

Mwanetu, siku ni yako kweli, na hatupendi watu wanaomharibia bi harusi furaha yake. Lakini jiulize lili umelitaka wewe, au umeonyeshwa katika picha za harusi za nchi nyingine ukaambiwa hiki ndicho cha kisasa. Bi harusi wa visiwa hivi hajawahi kukosa maua. Alilazwa juu ya asmini. Alivaa kikuba kifuani, kimefungwa asmini, waridi na rehani, na mume wake alijua amefika nyumbani kabla hajamwona, kwa harufu tu. Nywele zilisukwa na kutungwa asmini. Kungwi alijua kila ua na saa yake: asmini huchumwa vikonyo jioni, hutungwa kabla hazijafunuka, zikifunuka usiku zinafunukia shingoni mwake. Lili limenunuliwa kwa bei kubwa, limesafirishwa na barafu, limewekwa pembeni kama mgeni asiyejua aseme nini. Asmini inakuvaa.

Na hili tumelijua baada ya msiba wetu: asmini ya kweli haina sumu kwa paka. Waridi halina sumu, ila utoe miba. Rehani haina sumu. Yaani yale maua matatu ambayo mabibi zetu walimpambia bi harusi miaka yote, paka angeweza kulala juu yake usiku kucha na kuamka salama. Hatudai kwamba waliyachagua kwa ajili ya paka. Waliyachagua kwa harufu, kwa sababu yanaota uani, kwa sababu hayana gharama. Lakini walichagua vilivyokuwa karibu na walivyovijua, na kuna usalama katika kukijua kitu unachokiingiza ndani. Sisi tunaingiza vitu ambavyo hatujui hata majina yake.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayoyaomba.

Mabiharusi na mama zao: mkikaa na mpambaji, pamoja na rangi na idadi ya viti, mwambieni neno moja la ziada, "lili sitaki, nyumbani kuna paka." Hakuna mpambaji atakayekataa. Mahali pa lili aweke waridi jeupe, asmini, au alizeti kwa wanaopenda rangi; yote ni salama. Anayetaka lazima umbo la lili, yapo ya kitambaa.

Wauzaji maua na wapambaji: ninyi ni watu wa kwanza mnaoweza kuzuia. Mteja hajui, ninyi mtajua. Muulizeni ana paka. Mkimwambia ukweli hamtapoteza biashara, mtapata dua. Na katika dini yetu muuzaji anapaswa kueleza aibu ya bidhaa yake. Ua linaloua lina aibu kubwa.

Tunaopelekeana maua ya Idi: kabla hujamnunulia shoga yako shada, kumbuka kama ana paka. Ukipelekewa lili na wewe una paka, usione haya. Shukuru, kisha ulitoe. Usiligawe kwa jirani mwenye paka, na usilitupe jaani likiwa wazi. Lifunge ndani ya mfuko wa taka na ulikaze.

Na yakishatokea, kwani kadari haina mlango, fanyeni hivi. Mkimwona paka na chavua mwilini, msicheke kama sisi. Mfungeni kwa taulo asijilambe, mfuteni kwa kitambaa chenye maji mpaka rangi itoke, kisha mpelekeni kwa daktari wa wanyama saa ileile, hata kama mzima anaonekana, hata kama ni usiku, hata kama ni siku ya harusi. Chukueni kipande cha ua ndani ya mfuko au mkipige picha. Msimnyweshe maziwa, tumezoea kusema maziwa yanavunja sumu, lakini hii hayaivunji, na wakati unapotea. Msimtapishe kwa chumvi wala mafuta; atakabwa au ataumia zaidi. Hifadhini nambari ya daktari wa wanyama kwenye simu leo, kabla ya shughuli, kwa sababu visiwani kwetu madaktari hao si wengi, na saa ya kumtafuta ndiyo saa inayomuua paka.

Tunajua dunia ina misiba mikubwa kuliko ya paka, na mioyo yetu imejaa. Lakini anayeona uchungu kwa kiumbe mdogo hajapunguziwa uchungu wake kwa kikubwa. Tumefundishwa kwamba kila chenye ini bichi kina ujira ndani yake. Ujira huu ni rahisi kabisa: ni kukataa ua moja.

Mwezi huu tuna harusi nyingine nyumbani, inshaallah. Bibi ameshasema mwenyewe atasimamia vikuba. Mkeka wa kutungia umetandikwa uani, vijana wamepewa kazi ya kuchuma asmini baada ya Alasiri, na paka mdogo aliyekuja baada ya Kashata ameshalala katikati ya ungo wa maua mara mbili. Bibi amemtoa mara mbili. Anasema anaharibu maua tu, hayamharibu yeye.

Allah awape mabiharusi wetu wote ndoa zenye mapenzi na rehema, azibariki nyumba zenu na wote wanaozizunguka, wenye miguu miwili na wenye miguu minne. Amin.